Mengineyo

Vimebaki vifurushi mia mbili na kumi na vinne
na feni moja, inayotoa joto kwa Chediel
ikaniletea mimi, kisha ikamrudishia mwenyewe.
Ghorofa ya tatu, Mtaa wa Mchikichi. Chini yetu
mafundi cherehani wanamalizia sare za shule,
na sisi, kwa hiari, bila malipo, bila chai ya pili,
tunaamua kipi kikae wapi
katika ghala la programu ambazo yeyote aweza kuzichukua,
akazifumua, akazishona upya, akazirudisha.

Hiki hupanga nyakati za swala.
"Dini," anasema Chediel, keshaanza kuandika.
"Dini wapi?" Salmini anamkata. "Mle ndani hamna hata aya moja.
Ni jua, pembe na kivuli. Kiweke Hesabu."
"Na atakayekitaka alfajiri
ataenda kugonga mlango wa Hesabu?"

Kile ni drafti, inafundisha watoto kujumlisha na kutoa.
Michezo? Elimu?
Kokuhirwa anataka ikae kwenye mafungu yote mawili.
Salmini: mshika mbili, moja humponyoka.
Kokuhirwa: "Hiki hakishikwi.
Ukikichukua kwangu, kwangu hakipungui."
Tunanyamaza. Kweli tupu. Lakini orodha ina safu moja tu,
na aliyeichora hiyo safu
leo hayumo chumbani.

Mimi nafundisha ngeli, kidato cha pili, Buguruni.
Kila mwaka yupo mtoto anayeandika *kifaru kimelala*,
naye ana haki yake: *ki* ile pale mlangoni,
imevaa sare ya kiti na kisu.
Nami kwa wino mwekundu: *amelala*.
Usitazame jina lilivyovaa, mwanangu,
sikiliza kitenzi kinavyoliitikia.

Nikawaambia vivyo hivyo.
Tusiulize kimeshonwa kwa uzi gani
wala fundi alikusudia nini.
Tuulize anayekihitaji ametamka kitenzi gani
sekunde moja kabla ya kukitafuta.
Kuswali. Kucheza. Kulipa. Kusahau.
"Kusahau?"
"Kipo kinachofuta faili zisirudi tena."
"Hicho ni Usalama."
"Wa nani?"

Saa mbili nzima kanuni ikatubeba.
Daftari la upatu likahama Ofisi likaingia Fedha.
Kinachotoa sauti ya mvua kwa wasiopata usingizi
kikatoka Muziki, Salmini akinung'unika,
kikalala Afya.

Kisha tukafika kwenye Umerudi.
Mistari arobaini. Kazi yake ni moja: kuandika
saa umeme ulipokatika, saa uliporudi,
na kulia mara moja, *ti*.
Ndimbo alikiandika mwaka ule wa mgao,
mama yake akiwa na dawa kwenye friji
na akitaka kujua zimekaa joto muda gani.
Mama hayupo tena. Ndimbo yuko Songea, hajibu ujumbe.
Waliokipakua mwezi uliopita: wanane.

Saa? Afya? Nyumbani?
"Kitenzi chake ni kusubiri," Kokuhirwa akasema,
na fungu la Kusubiri hatuna,
na tukilifungua
mji mzima utahamia humo.

Tulikuwa tumeapa kuifuta droo ya Mengineyo,
tulikozoea kutupa tusichotaka kukifikiria.
Sasa ni saa saba usiku, droo ina kitu kimoja.
"Fungu la kitu kimoja si fungu," Chediel akasema,
kidole kikielea juu ya kitufe.
Nikamjibu kwamba ngeli ya PA ina nomino moja tu,
*mahali*,
na sijamwona bado mtu wa kuifuta.

Akanitazama. Akafunga kompyuta bila kufuta.
Tukashuka ngazi kwa tochi ya simu.
Cherehani zilikuwa kimya, na kando ya mlango
sare zimekunjwa, za shule zote pamoja,
zimepangwa kwa kimo cha watoto.